Koti la Mtu wa Mwisho

Watu wa mlimani walikuwa wamekwisha kata shauri kwamba Kinyonga alimponza kaka yake kwa uvivu. Hawakusema alimuua kwa mkono. Hata wenye midomo mirefu hawakufika huko. Walisema alipewa kazi ndogo tu, kusimama njia panda, naye akachoka kusimama, akaondoka zake, na kaka mtu alipofika asikute mtu akapotea njia, akafa. Ukiuliza nani kawaambia, walikujibu kwamba kasema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya mama yake na majirani. Kesi ya namna hiyo hata wakili haigusi.

Ni kweli alisema. Lakini alisema uongo, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyelijua hilo ila yeye.

Zamani walikuwa watu wa raha zao. Kaka mtu ndiye aliyezikata njia za baiskeli za mlima ule, akitumia panga, jembe na ubishi. Watu walimwambia hakuna mwenye akili timamu atakayetoka mjini na kulipa apandishwe kilima kwa miguu yake mwenyewe. Akawajibu kwamba mjini wenye akili timamu ni wachache, na hao wengine wote watakuja. Wakaja kweli. Walikuja walimu, makarani wa benki, madaktari wa meno, wamevaa kaptula za kubana ambazo Mama alipoziona aligeuza uso na kuchekea ndani ya kanga. Waliondoka karakana iliyo nyuma ya nyumba, wakapanda kilima cha mikaratusi, wakaukata msitu wa misonobari, wakateremka bondeni hadi mtoni, kisha wakarudi kwa vilima vya nyasi, hoi, wamepakaa tope hadi masikioni, na wenye furaha kuliko watoto.

Mke wa kaka mtu ndiye aliyekuwa fundi wa baiskeli, na Fundi ndilo jina alilojulikana nalo hata sokoni. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono midogo na ulimi mkali. Mgeni akileta baiskeli yake na kuanza kuisifia, Fundi aliinua mkono anyamaze, akazungusha pedali, akasikiliza, kisha akamwambia mahali inapoumwa. Kinyonga alikuwa mdogo wao, asiye na mke wala haraka. Jina hilo alipewa na kaka yake tangu utotoni kwa jinsi alivyopanda milima polepole, kituo kwa kituo, bila kushuka kwenye baiskeli na bila kumpita mtu. Fundi alimtania kwamba siku atakapooa, bibi harusi atazeeka akimsubiri afike mlangoni. Yeye akajibu kwamba atakuwa kazeeka kwa raha, maana kusubiri mume mwema si kazi.

Sasa, kuwapitisha watu msituni kuna kanuni yake. Kinyonga aliongoza, kaka mtu alifunga msafara. Wakifika njia panda, Kinyonga alimwacha mgeni mmoja asimame aelekeze wenzake, na mgeni huyo hakuruhusiwa kuondoka mpaka mtu wa mwisho amfikie. Mvua inyeshe, nyuki waje, asimame. Ila palikuwa na njia panda moja, ya katikati ya misonobari, ambayo hawakumwamini mgeni yeyote. Mkono wa kulia uliteremka bondeni. Mkono wa kushoto ulikuwa barabara ya zamani ya wakata mbao, pana na ya kuvutia, nayo ilikwenda kuishia kwenye korongo ambalo kingo zake zililiwa na maji chini kwa chini. Hapo Kinyonga alisimama mwenyewe, akawaelekeza wageni kulia mmoja baada ya mwingine.

Taabu ni kwamba chini mtoni palikuwa na mawe yenye utelezi, na alipaswa awepo kabla wageni hawajaanza kuvuka. Kwa hiyo ndugu wale wawili walikuwa na njia yao ya mkato, na hata hawakupata kuizungumza. Kaka mtu alivaa koti la mvua la rangi ya chungwa, la kuonekana hata na kipofu, kama Fundi alivyosema. Kinyonga akishaliona likimulika huko juu kati ya miti, hakungoja limfikie. Alijua msafara umekwisha. Alirukia baiskeli, akapita kichochoro chake, akawahi mtoni. Wageni hawakuambiwa, na Fundi, ambaye siku zote alibaki karakana, hakuambiwa pia. Si kwamba ilikuwa siri. Ni mambo ya ndugu waliozoeana, hakuna anayekumbuka yalianza lini.

Siku ile Fundi alikwenda nao, kwa sababu daktari mmoja wa meno, mtu mnene mcheshi, alikuwa na baiskeli ambayo gia zake zilirukaruka, naye hakutaka kubaki. Mvua iliwakuta juu kabisa, mvua ya upande, yenye baridi. Kaka mtu alimwona mke wake anatetemeka. Akavua koti, akamvalisha, akamfunika kichwa kwa kofia ya koti, akamfunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni. Akamwambia atangulie na daktari. Yeye angebaki kidogo aburute tawi lililoanguka njiani, asije mtu akavunjika shingo.

Kinyonga, kule njia panda, aliona rangi ya chungwa kati ya miti. Akarukia baiskeli, akaondoka.

Kaka mtu alipofika baadaye akakuta patupu. Mtu mwingine angesema wameniacha, angekata kulia akaenda zake. Lakini yeye alimjua mdogo wake. Kinyonga haachi njia panda. Akiiacha, basi kuna mgeni aliyekata kushoto, na Kinyonga kamkimbilia. Hivyo kaka mtu alikata kushoto kwa kasi zote alizokuwa nazo, kwenda kuokoa watu ambao hawakuwako, na ukingo wa korongo ukamkatikia.

Baadaye watu walisema alipotea njia. Mtu aliyeikata njia ile kwa panga lake mwenyewe, apotee! Hakupotea. Alimwamini mdogo wake, basi, na hilo ndilo Kinyonga aliloshindwa kulimeza. Aliziona alama za tairi kwenye tope, zimenyooka, hazina wasiwasi wala kusita. Kila alipofumba macho aliziona tena.

Maiti ilipoletwa nyumbani, Mama alimshika Kinyonga kwa mabega yote mawili akamuuliza kwa nini aliondoka. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Niliona koti, Mama. Lakini Fundi alikuwa ameketi sakafuni, bado kalivaa. Alikuwa amelivuta kola puani, akiwaeleza wanawake waliomzunguka jinsi mume wake alivyomfunga vifungo, kwamba baridi aliichukua yeye, koti akampa mkewe, na kwamba hilo ndilo jambo la mwisho alilomtendea duniani. Alilirudia na kulirudia. Hakuwa na kingine cha kushika. Kinyonga akamtazama, akalimeza jibu lake, akatafuta jingine.

"Nilichoka kusimama," alisema.

Tangu siku hiyo Mama hakumsemesha. Si matusi, si laana, kimya tu, jambo ambalo kwa mama ni baya kuliko yote mawili. Majirani walitikisa vichwa wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Jina lake lenyewe, ambalo zamani lilimaanisha uvumilivu, wakalipa maana nyingine, wakasema kinyonga ni kinyonga, hana rangi moja. Mama akitenga chakula, alimwita Fundi, akamwita mjukuu wake mdogo, mtoto wa marehemu, na sahani ya Kinyonga akaiacha dirishani bila kuita mtu. Kinyonga akawa analala karakana, kwenye kitanda cha kamba nyuma ya rundo la matairi. Fundi naye alimsemesha kwa mambo ya kazi tu: lete spana, shika hapa, zungusha. Neno shemeji halikumtoka tena. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi, kwa macho yake aliuona mgongo wa Kinyonga ukitokomea kabla hawajafika njia panda. Aliyesalia kumwita kwa jina la udugu alikuwa yule mtoto, aliyemwita baba mdogo na kumletea maua ya nyasi, mpaka bibi yake alipomwita ndani.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, na kila aliyemtazama Kinyonga aliona kanda la usufi. Yeye aliupima mzigo wake kila siku. Akisema kweli, atarudishiwa mama, sahani mezani, jina lake. Lakini Fundi atanyang'anywa koti. Atajua kwamba upendo ule wa vifungo kimoja kimoja ndio uliomtuma mume wake korongoni. Na Mama, aliyekuwa akimwegemea mkwe wake kuliko fimbo, atamtazama kila asubuhi kwa jicho gani? Kinyonga aliona bora apoteze yeye. Aliona hivyo asubuhi, lakini jioni, sauti za kula zilipomfikia kupitia ukuta wa mabati, alitamani kubomoa ukuta ule kwa kichwa aingie aseme yote.

Mvua zilipokatika, watu wa idara ya misitu waliiziba barabara ya kushoto kwa magogo, wakaruhusu njia zifunguliwe. Mama alisema njia zile zisikanyagwe tena na mtu wa nyumba yake. Fundi, kwa adabu zote, alimjibu kwamba zikiota majani mume wake atakuwa amelima msitu bure, na mtoto atauliza baba alifanya nini duniani. Mama akarudi jikoni. Chama cha walimu kilikuwa kimeomba kuja. Basi Fundi akamwambia Kinyonga watoke wakasafishe njia, na kwamba msafara ukianza yeye mwenyewe ndiye atakayefunga nyuma.

Walitoka asubuhi na mapema, panga na misumeno migongoni. Mikaratusi ilikuwa imetupa magome yake njiani, wakayasukuma kando kwa miguu. Fundi alitangulia. Hakuwa mpandaji hodari, lakini alizijua gia kama ajuavyo vidole vyake, na hakuna kilima kilichomkuta kwenye gia isiyo yake. Kinyonga alimfuata kwa mwendo wake uleule. Kila hatua alikutana na kazi ya kaka yake: jiwe lililogeuzwa ili maji yapite pembeni, kona iliyoinuliwa ukingo ili mgeni asirushwe, mshale wa rangi nyeupe kwenye shina uliochorwa vibaya, maana kaka mtu alikuwa hajui kuchora. Ndani ya misonobari mwanga ulipungua, sindano za miti zikameza sauti za tairi. 

Wakafika njia panda. Magogo yalikuwa yamelazwa kushoto, bado yanatoa utomvu. Fundi aliegemeza baiskeli, akafungua begi, akatoa koti la rangi ya chungwa. Lilikuwa limefuliwa na kukunjwa vizuri. Akasema atalivaa siku ya walimu, kwa kuwa ndilo vazi la mtu wa mwisho, na mume wake angependa.

Kinyonga akasema hapana. Alilisema haraka mno, mtu ambaye hana haraka kwa jambo lolote.

Fundi akamtazama. Kinyonga akajikusanya, akaeleza kwamba amefikiria kanuni mpya. Mtu wa mwisho asivae rangi yoyote ya kumtofautisha. Anayesimama njia panda asiondoke kwa kuona kwa mbali. Angoje mpaka mtu wa mwisho amfikie hasa, amwekee mkono begani, amtazame usoni, amtaje jina. Hapo ndipo waondoke, pamoja.

Fundi aliguna, akasema wageni watadhani wamekamatwa na polisi. Akauliza kwa nini yote hayo. Kinyonga akasema ni usalama tu. Fundi hakubishana. Alilikunja koti, akalirudisha begini polepole, akafunga zipu.

Waliteremka bondeni. Njia pale ni nzuri kuliko zote, inazunguka zunguka kati ya majani mapana, inavuka vijito viwili, inakutupa mtoni ukiwa bado unataka iendelee. Mtoni Fundi alisimama juu ya mawe, akageuka nyuma, akatazama juu kulikotoka njia, kisha akamtazama Kinyonga, kisha akatazama tena juu. Kinyonga alijifanya anaosha panga. Kwenye vilima vya nyasi, mahali ambapo siku zote wageni walipiga kelele kwa furaha ya upepo, Fundi aliendesha taratibu, kainama, kama mtu anayesikiliza mnyororo. Kinyonga alimjua shemeji yake akisikiliza. 

Walirudi karakana mchana, chakula kikiwa kinatengwa ndani. Fundi hakuingia kunawa. Aliigeuza baiskeli yake miguu juu, akazungusha pedali kwa mkono mmoja, gurudumu likawa linalia kwa raha, halina ugonjwa wowote.

"Baiskeli ikiletwa hapa na kiraka kwenye tyubu," alisema bila kumtazama, "mimi siulizi ilitoboka wapi. Ilitoboka pale penye kiraka."

Kinyonga akasema ni kweli.

"Wewe ulisema ulichoka kusimama. Dawa ya kuchoka ni kupokezana zamu. Au mtu akuwekee kigogo ukalie. Sasa wewe leo umeniletea kiraka cha kutazamana usoni na kutajana majina. Kiraka hicho si cha mtu aliyechoka, ni cha mtu aliyemdhania huyu kuwa yule."

Kinyonga alisema alichoka kusimama, ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Fundi aliendelea, sauti imeshuka. Alisema kule mtoni siku ile, alipotokeza tu na daktari wa meno, Kinyonga alimwona, akaangusha chupa ya maji, akapanda mlima mbio bila kusema neno. Muda wote huo alidhani ilikuwa hofu ya mtu mwenye kosa. Lakini mtu aliyetoroka kwa uvivu haogopi akimwona anayetangulia. Anaogopa asipomwona anayefuata, na wakati huo ilikuwa mapema mno kuogopa hivyo. Alichokiona ni koti. Aliliona koti limefika, na aliyemo ndani si mwenyewe.

"Shemeji," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na neno lile lilimwingia Kinyonga pabaya. Angeweza kustahimili jina lolote jingine.

"Nilikuwa nimelivaa mimi."

 Kinyonga alitazama sakafu yenye mafuta, skrubu zilizomwagika, kivuli cha gurudumu kinachozidi kupungua mwendo. Alikuwa amejiandaa kwa siku hii kwa maneno mengi ya uongo, mazuri kabisa, na yote yalimkimbia kwa pamoja. Gurudumu likasimama. Kimya kile kikamjibia.

Fundi alikaa chini palepale, mgongo umeegemea ukuta, mikono imelala mapajani na weusi wake wa grisi. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya hesabu na kuona kila akirudia jibu ni lilelile. Alisema mumewe alivyomfunga vifungo yeye alimcheka, alimwambia mwenzangu mimi si mtoto. Alisema aliondoka pale juu anaona fahari. Kisha akauliza kwa nini hakumwambia.

"Ulikuwa umebakiwa na koti tu," Kinyonga alisema.

Hapo ndipo Fundi alipoinama hadi kichwa kikagusa magoti. Kinyonga hakujua aweke wapi mikono yake. Alitaka kumgusa bega, akakumbuka kanuni aliyoitunga mwenyewe asubuhi ile, akaona aibu, akairudisha mikono mifukoni. Alimwonea huruma, na chini ya huruma, tuseme kweli, palikuwa na nafuu. Kwa mara ya kwanza palikuwa na mtu wa pili duniani aliyejua. Nafuu ile ilimtia hofu, kwa sababu ilikuwa tamu.

Fundi aliinua uso, akaufuta kwa mkono, akajipaka grisi shavuni. Akasema anaingia ndani kumwambia Mama, sasa hivi, kabla hajapoa. Haiwezekani mama amtupe mwana asiye na hatia huku yeye, Fundi, amekaa mezani anatiwa mchuzi.

Kinyonga alisimama mlangoni, akamzuia njia. Alimwomba asifanye hivyo. Alimwambia Mama amezeeka, ana mtu mmoja tu wa kumwegemea katika nyumba ile, naye ni Fundi. Akiambiwa, hatamlaumu kwa mdomo, lakini kila atakapomwona atamwona ndani ya koti. Na mtoto je? Mtoto akue anasikia kwamba koti la mama yake ndilo lililompoteza baba? Maji yameshamwagika, hayazoleki. Heri yabaki upande mmoja wa nyumba kuliko kuilowesha yote.

"Mimi nimezoea," alimaliza. "Kinyonga hachoki kusimama. Nakuomba, shemeji. Kwa ajili ya kaka."

Fundi alimtazama kwa muda, kama atazamavyo kifaa asichokuwa na hakika kama kitashika.  Alijifuta mikono kwa kitambaa, akampita, akaingia ndani.

Kati ya karakana na chumba cha kulia palikuwa na ule ukuta wa mabati, na tundu za misumari iliyong'oka. Kinyonga alichukua spana, akaenda kuishika baiskeli iliyokuwa karibu na ukuta, ambayo haikuwa na haja ya kukazwa popote.

Alisikia kiti kikivutwa. Alimsikia Mama akimuuliza mkwe wake mbona macho mekundu. Fundi akajibu kwamba alikuwa anaosha mnyororo kwa petroli, ikamrukia. Mama akasema kazi ile itampofusha. Sahani zikagongana. Mtoto akaomba maji, akapewa, akaambiwa anywe bila kumwaga.

Kisha Mama akauliza kama yule mtu wa nje amemkera huko msituni.

Kinyonga aliacha kuzungusha spana. Kimya kilikuwa kirefu, kirefu kiasi cha kumtosha mtu kusema maneno yote yanayohitajika, maana hayakuwa mengi.

"Hapana, Mama," Fundi alisema. "Hajanikera."

Mama akasema hata kama hakumkera, asimzoee. Mtu aliyeshindwa kumsimamia ndugu yake wa tumbo moja, kesho atamwacha nani? Akasubiri kidogo, kama anayetaka kuungwa mkono. Fundi hakuunga mkono, wala hakupinga. Alimwuliza Mama kama aongezewe mboga.

Basi ilikuwa imekwisha. Alikuwa amefanya vilevile alivyoombwa, bila kupunguza wala kuzidisha, na Kinyonga hakuwa na la kumlaumu, kwa sababu aliomba yeye, kwa kinywa chake, akiwa karibu kumpigia magoti. Alijiambia ni vyema. Alijiambia ndivyo alivyotaka. Hata hivyo hakuondoka pale ukutani mpaka chakula kikaisha, vyombo vikakusanywa na viti vikarudishwa mahali pake, kwa kuwa muda wote huo alikuwa akitumaini kwamba Fundi atamkatalia.